Kamba Tatu za Mita Moja

Fundi seremala wa shule alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, Mkuu wa shule alipoingia chumba cha sayansi, akaufunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani:

"Amefika. Yuko ofisini kwangu anakunywa maji. Fundi, hiyo misumari imeshika?"

"Msumari wangu haujawahi kumwangukia mtu, Mkuu."

"Sikukuuliza historia. Nimeuliza ya leo."

Fundi hakujibu kwa mdomo. Aliishika kamba moja kwa mikono miwili, akajining'iniza nayo uzito wake wote, miguu ikaacha ngazi, kisha akarudi polepole. Boriti haikulia hata kidogo.

Mkuu aliziangalia zile kamba tatu zilizotundikwa kwenye boriti. Ya kwanza ilibeba kufuli, ya pili tofali, ya tatu ndoo iliyojaa mchanga. Akatikisa kichwa.

"Mtu akichungulia hapa atadhani tunahama," alisema, akatoka.

Fundi alishuka. Magoti yalimuuma lakini hakutaka ngazi ijue. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye shule hiyo. Hapakuwa na dawati, ubao wala dirisha ambalo mkono wake haukulipitia. Wanafunzi walimwita Fundi Rula, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Alijua kwamba mtu akitaka kipande cha sentimita arobaini, kwake atapata arobaini, si thelathini na tisa na maneno.

Mwalimu wa hesabu na sayansi alipohamia pale, miaka miwili nyuma, Fundi alimdhania mzaha. Mwanamke mfupi, vidole vyeupe kwa chaki, alikuja karakana siku ya pili tu na kusema, "Shikamoo, mzee. Naomba unitengenezee mizani kwa kiango cha nguo." Ukimuuliza jambo hakukujibu, alikwambia "jaribu uone", na ndiyo sababu wanafunzi walimwita Mwalimu Jaribu. Alifundisha pembe kwa kivuli cha mlingoti na asilimia kwa maharage yaliyooza kwenye gunia. Baada ya mizani alitaka kapi la kuvutia ndoo, baada ya kapi akataka mteremko wa ubao wenye misumari. Kidogo kidogo Fundi akajikuta anamwambia mkewe jioni, "Leo tumefundisha nyenzo." Mkewe akamjibu, "Nyinyi na nani? Mshahara wa ualimu umeuficha wapi?"

Lakini si kila mtu alicheka. Baadhi ya wazazi waliiandikia ofisi ya elimu kwamba madaftari ya watoto wao yamejaa picha za ndoo na hayana nukuu, na mtihani u mlangoni. Ofisi ikamtuma Mkaguzi. Mkuu alimweleza Mwalimu waziwazi, Fundi akiwa palepale anarekebisha kitasa: Mkaguzi akiondoka hajaridhika, Jumatatu darasa la mtihani linakwenda kwa Mwalimu Nukuu, na yeye Mwalimu Jaribu atahamishiwa kutunza stoo ya vitabu.

Mwalimu Nukuu alikuwa na daftari moja la manjano lenye umri mkubwa kuliko wanafunzi wake. Alilisoma kwa sauti, wao wakaandika mpaka vidole vikavimba. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali, na yeye alihesabu jambo hilo kuwa ni heshima.

Kengele ya saa nne ikalia. Wanafunzi arobaini na mmoja wakaingia, wamechomekea mashati utadhani wanakwenda kupigwa picha. Nyuma yao Mkuu, na nyuma ya Mkuu, Mkaguzi: mtu mrefu, mkimya, fomu zake zimebanwa kwenye kibao. Wakakaa viti vya nyuma. Fundi naye alibaki ukutani karibu nao. Mwalimu alikuwa amemwomba asiondoke, kamba ikikatika awepo.

"Leo sitawaambia kitu," Mwalimu alianza. Fundi aliona Mkuu akifumba macho. "Vitu vitatu hivi vitabembea. Kwenda na kurudi ni safari moja. Tutahesabu safari ishirini za kila kimoja. Kipi kitamaliza kwanza? Kila mtu aweke jina lake ubaoni kabla hatujagusa kamba."

Vurugu ikazuka, ile vurugu ya akili. Msichana mmoja wa mbele, aliyeitwa Kwa Nini kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake, aliandika jina lake chini ya ndoo. "Kizito kina haraka," alisema. "Mtu mnene akiteleza, nani atamshika?" Darasa likacheka. Wengine wakaenda na kufuli. Wanne tu waliandika kwamba vyote vitakwenda sawa.

Fundi alijua jibu. Mwalimu alikuwa amemweleza wiki iliyopita, na yeye hakuamini mpaka alipofungua kitabu akakuta kimeandikwa hivyohivyo: uzito haubadilishi kitu, urefu ndio unaoamua. Kamba zikiwa za urefu mmoja, kufuli na ndoo vitakwenda sawasawa kama askari wa gwaride. Watoto wangetoa macho. Na Mkaguzi angetoa macho. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango.

Kijana aliyeitwa Saa Mbovu, kwa kuwa hajawahi kuwahi kipindi cha kwanza tangu azaliwe, alipewa saa ya mkononi ya Mwalimu. "Leo umeaminiwa ukapewa saa," mtu akamtania. "Dunia inakwisha."

Kufuli likaachiwa. Darasa zima likahesabu: moja, mbili, tatu. Likafika ishirini.

"Sekunde arobaini na moja," Saa Mbovu akasema.

Tofali. Moja, mbili, tatu.

"Arobaini na mbili na nusu."

Mwalimu aliandika ubaoni. Ikaja zamu ya ndoo. Fundi alianza kuhesabu pamoja nao moyoni, na walipofika kumi na mbili akahisi kitu kibaya, kama mtu anayesikia msumeno umegonga chuma ndani ya mti. Ndoo ilikuwa nzito wa mwendo. Ilikwenda, ikafikiri, ikarudi.

"Arobaini na tano!"

Mwalimu akaiandika nayo. Kisha Kwa Nini akasimama. "Mwalimu, kizito kimechelewa. Nimekosa mimi, na wale wanne waliosema sawa nao wamekosa. Lakini kitabu…" Alikuwa amekifungua chini ya dawati, mjanja huyu. "Kitabu kinasema uzito hauhusiki."

"Kitabu kinasema hivyo," Mwalimu akakubali.

"Basi nani muongo?"

Kalamu ya Mkaguzi ilisikika ikikwaruza karatasi. Mkuu aliinama kwa Fundi, akamnong'oneza meno yamekazwa, "Kamba zako. Zina tofauti?"

"Haziwezi."

"Sema tu zina kasoro. Useme ulikata vibaya, Mwalimu awasomee kanuni, tumalize. Utakuwa umetusaidia."

Masikio ya Fundi yakawaka moto. Aseme alikata vibaya, yeye? Mbele ya watoto ambao baba zao aliwapigilia madawati? "Zipimeni," alisema kwa sauti iliyosikika darasa zima. "Zipimeni sasa hivi!"

Hawakungoja waambiwe mara ya pili. Kwa Nini akapanda kiti na futi ya kupimia. Mita moja kutoka msumari hadi fundo la kufuli. Mita moja hadi fundo la tofali. Mita moja hadi mpini wa ndoo. Hapakuwa na unywele wa tofauti.

"Fundi hana kosa," akatangaza.

Fundi akavimba kifua. Kifua hicho hakikudumu, kwa sababu wakati huo alimtazama Mwalimu, naye Mwalimu alikuwa akiutazama mpini wa ndoo. Kisha akamtazama yeye. Hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu akageuza macho kwa wanafunzi.

"Kwa hiyo kamba ni sawa," alisema. "Na saa?"

"Saa nzima, mtu ndiye mbovu," mmoja akajibu, na hata Saa Mbovu akacheka. Wakarudia ndoo na saa nyingine. Arobaini na tano.

Ni hapo ndipo mkono wa Fundi ulipoingia wenyewe katika mfuko wa aproni na kukuta karatasi. Mwalimu alimpa juzi. Alisoma mstari wa kwanza, *kamba tatu, urefu mita moja*, akaikunja. Mtu aliyekata miguu ya meza elfu moja atasomeshwa kamba? Sasa aliifungua kando ya paja lake, taratibu, kama mwanafunzi anayeiba jibu. Mstari wa pili ulikuwepo, kwa mwandiko safi, na chini yake umepigwa mstari. Aliusoma mara mbili.

Kosa lilikuwa lake. Hakukosa kwa kukata. Alikosa kwa kupima kitu kisichotakiwa kupimwa. Na Mwalimu alikuwa amekwisha kulijua. Angeweza kusema kwa sentensi moja, "Fundi hakufuata maelekezo," akajisafisha mbele ya Mkaguzi. Hakusema.

"Dakika ishirini zimebaki," Mkuu alisema kwa sauti, akisimama. "Mwalimu, nadhani inatosha. Wape kanuni waandike."

"Mkuu, hawajajua kwa nini."

"Watajua wakiandika."

"Wakiandika sasa, wataandika kitu walichokiona kwa macho yao kwamba si kweli." Alisimama palepale. "Hawatakiamini kitabu tena, na mimi pia hawataniamini. Naomba wapewe nafasi."

Mkuu alimgeukia Mkaguzi akitafuta msaada. Mkaguzi aliangalia saa yake, akaandika kitu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Wanafunzi walianza kutapatapa: mmoja akasema ni upepo, mwingine akasema mchanga unacheza ndani ya ndoo, wa tatu akasema boriti imechoka. Dakika zikaondoka. Kwa Nini alikuwa amekaa, kichwa mikononi. Fundi aliona wazi namna mambo yatakavyokwisha: kengele italia, watoto watatoka na namba tatu zisizo na maana, na Jumatatu daftari la manjano litafunguliwa katika chumba hiki.

Angeweza kuwasomea mstari ule. Wangepiga makofi, wangeandika, na Mkaguzi angeandika kwamba jibu lilitoka mfukoni mwa seremala. Angeweza pia kunyamaza, abaki Fundi Rula mpaka azikwe. Mficha uchi hazai, walisema wazee, lakini wazee hawakusema uchi wenyewe unauma vipi mbele ya watoto arobaini na mmoja.

Akatoka ukutani.

"Kosa ni langu," alisema.

Vichwa vyote vikageuka. "Kamba mmezipima wenyewe, ni sawa. Saa ni nzima. Kitabu hakikudanganya na nyinyi hamkuhesabu vibaya. Nilipewa maelekezo kwa karatasi, nikasoma mstari mmoja, wa pili nikaudharau. Mimi ndiye niliyeharibu jaribio hili." Akazionyesha zile kamba. "Sasa tafuteni nimeharibu wapi."

"Karatasi iko wapi?" Kwa Nini aliuliza.

"Ninayo."

"Leta, Fundi," Mkuu akasema, mkono umenyooshwa. "Isomwe, tuokoe muda."

Fundi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kiasi kidogo sana, mtu asiyemwangalia asingeona.

"Samahani, Mkuu. Nitaitoa wakishapata."

"Unanikatalia? Mbele ya mgeni?"

"Nakuomba, Mkuu."

"Fundi, wewe ni mwajiriwa wa mkataba. Mkataba una mwisho. Nipe karatasi."

Mkono ule ulibaki hewani. Fundi aliikunja karatasi mara mbili, akairudisha mfukoni, na vidole vyake vikabaki humohumo kuilinda. Hakuna mwanafunzi aliyecheka.

"Mwache," Mkaguzi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja," akajibu Saa Mbovu, aliyekuwa bado na saa.

"Basi wazitumie."

Mkuu akakaa kama gunia.

Kwa Nini alikuwa tayari miguuni mwa kamba. "Fundi amekosea, lakini kamba ni sawa," alijisemea. "Amekosea kitu ambacho si kamba. Misumari?" Wakapima misumari; ilikuwa mstari mmoja. Dakika tisa. "Mafundo?" Wakalinganisha mafundo. Dakika nane.

"Sogeeni, mnanibana," Saa Mbovu akalalamika, akirudi nyuma. "Ndoo itanivunja goti. Kufuli linapita kiunoni, hili dudu linapita magotini."

Kwa Nini akamgeukia. "Umesema nini?"

"Nimesema mnanibana."

"Hapana. Magotini!" Akapiga magoti sakafuni, akaangalia chini ya kufuli, chini ya tofali, chini ya ndoo. "Kamba zimeishia pamoja lakini vitu havikuishia pamoja! Ndoo ina mpini mrefu. Mchanga wote uko chini huku! Kinachobembea si fundo. Ni mchanga!"

"Kwa hiyo upime mpaka wapi?" Mwalimu aliuliza, na sasa ndiye aliyekuwa hajui afiche wapi mikono yake. "Mpaka chini ya ndoo?"

Mabishano yakalipuka. Wapo waliosema chini kabisa, wapo waliosema juu. Msichana mmoja akalifungua tofali, akalilaza juu ya ukingo wa rula, akalisogeza mpaka likatulia bila kuanguka upande wowote. "Hapa," akasema. "Uzito wake unakaa hapa katikati. Na wa ndoo ni katikati ya mchanga, si katikati ya ndoo."

"Kamba ya ndoo ifupishwe!" wakapiga kelele. "Fundi! Fundi, njoo ufunge!"

Dakika nne. Fundi alipanda ngazi bila kukumbuka magoti. Wao walipima, yeye alifunga. Kwa Nini alishika futi na kumpa amri kama msimamizi wa mjengo: "Juu. Juu kidogo. Shusha. Hapo!" Fundo la kwanza likateleza. "Taratibu, baba," Mwalimu alimwambia kutoka chini, na fundo la pili likashika. Kufuli nalo likapandishwa kidogo, kisha tofali likafungwa tena, juu zaidi.

Kufuli: arobaini. Tofali: arobaini.

Ndoo ikaachiwa. Walikuwa wamefika safari ya tisa kengele ilipolia. Nje, shule nzima ikamwagika uwanjani kwa kelele. Ndani hakuna aliyenyanyuka. Kumi. Kumi na moja. Fundi alishika ngazi kwa mikono yote miwili. Mkuu alikuwa amesimama, na Fundi akaona midomo yake ikitikisika: kumi na sita, kumi na saba.

"Ishirini!"

Saa Mbovu aliikazia saa macho muda mrefu mno. "Arobaini," alisema, "na nusu. Sijui hiyo nusu imetoka wapi."

"Na mimi sijui," Mwalimu akajibu. "Jumatatu tutaitafuta." Kisha akasita, kwa sababu Jumatatu haikuwa yake ya kuahidi.

Fundi akaitoa karatasi, akampa Kwa Nini. Msichana akaisoma kwa sauti: "*Pima kutoka msumari hadi katikati ya uzito wa mzigo.*" Akainua macho. "Fundi, lakini imepigiwa mstari kabisa!"

"Nimeona," Fundi alisema. "Leo."

Darasa likaangua kicheko, na yeye akakiacha kimpite.

Ofisini kwa Mkuu walisimama watatu mbele ya Mkaguzi aliyekuwa akimalizia fomu. "Hapa panauliza," alisema bila kuinua kichwa, "kama mwalimu alitoa jibu sahihi ndani ya muda. Nimeandika hapana. Panauliza kama somo lilifuata andalio. Hapana. Panauliza kama nukuu ziliandikwa." Akafunua ukurasa. "Hapana."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Fundi akafungua mdomo, Mkuu akamkanyaga mguu.

"Mwisho panauliza kama wanafunzi wameelewa. Miaka yote kisanduku hiki nakijaza kwa kukisia, maana hakuna pa kuona. Leo nimeona kuelewa kunavyofika, hata siwezi kukanusha." Akatia saini. "Darasa libaki naye hadi mtihani. Ila wazazi wana haki: waandike walichokipata, kila kipindi, kwa maneno yao wenyewe. Nitarudi baada ya wiki sita, na nitafungua madaftari."

"Nitayakagua mimi mwenyewe kwanza," Mkuu alisema haraka. Kisha, Mkaguzi alipotoka, akamgeukia Fundi. "Na wewe utapata barua ya onyo. Nilikuomba kitu mbele ya mgeni ukaninyima."

"Ni haki yako, Mkuu."

"Ni haki yangu." Akavua miwani, akaifuta. "Hiyo nusu sekunde… ni msuguano kwenye msumari, au ni nini?"

"Jaribu uone," Mwalimu alisema, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Koridoni Fundi alimsimamisha. Alitaka kusema mengi; yalitoka machache. "Ulijua tangu ndoo ya kwanza. Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangejifunza nani alikosea. Nilitaka wajue nini kilikosewa." Akafuta chaki vidoleni, haikufutika. "Ila nisikufiche, mzee, nilikukasirikia. Mstari niliupigia rula."

"Nilikudharau, Mwalimu. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Jumatatu nitaleta karatasi nyingine, ina mistari saba."

"Nitaisoma yote," Fundi alisema.

Alirudi chumba cha sayansi kuchukua ngazi yake. Mapumziko yalikuwa karibu kwisha, lakini kundi dogo lilikuwa bado chini ya boriti, likimwaga nusu ya mchanga kwenye sakafu aliyokuwa ameifagia asubuhi, na Kwa Nini alikuwa juu ya kiti akishikilia kwamba ndoo yenye nusu ya mchanga haiwezi kuwa na katikati ileile. Fundi alisimama mlangoni. Kisha akaweka nyundo chini, akaenda kushika kile kiti kisije kikapinduka.